Fundi Gasper Ruhaza na Mtungi Usiofunguliwa

Ndugu waombolezaji, anayewasomea haya ni Verediana, mdogo wa marehemu, mkunga mstaafu. Familia imenipa kazi hii kwa kuwa mdogo mtu humjua kaka yake kuliko kaka mwenyewe anavyopenda ajulikane.

Marehemu Gasper Dismasi Ruhaza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Heru Juu, Kasulu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Dismasi na mama Marcelina. Alipokuwa na miaka minane alivunja mtungi wa maji wa mama. Hakuuangusha kwa bahati mbaya. Aliupiga jiwe makusudi, apate kuona ule ubaridi unakaa upande gani. Alichokiona ni fimbo, na kwa wiki nzima alikuwa anateka maji mara mbili ya sisi wengine. Swali lake halikujibiwa siku ile, lakini halikumtoka.

Elimu ya msingi aliipata kijijini, akamaliza mwaka 1966. Kisha alipelekwa Tabora kusomea ufundi wa umeme na mashine za kugandisha. Huko ndiko alikojifunza jambo alilotuchosha nalo maisha yake yote: kwamba friji haitengenezi baridi, bali hutoa joto ndani na kulipeleka nje. "Joto halifi," alikuwa akisema, "linahama nyumba tu." Alilisema harusini, alilisema kwenye ubatizo wa wanawe, na nina hakika angelisema hapa kama angepata nafasi.

Mwaka 1971 aliajiriwa kama fundi wa mashine za barafu hapa Kigoma, na mwaka 1979 akafungua karakana yake mtaa wa Mwanga, jirani na soko. Kabla ya hapo, tarehe 22 Julai 1978, alifunga ndoa takatifu na Regina, binti wa Ujiji. Walijaliwa watoto watatu: Frida, Martini na Benedict. Shemeji yangu Regina anasema siku ya posa marehemu alikagua friji ya baba mkwe kabla hajasalimia watu wote. Tunamwamini.

Wengi wenu mliokua Mwanga mnamkumbuka kwa jambo moja. Kila alipobadilisha gesi ya friji aliitoa ile ya zamani hadharani, ili mwenye mali aone kwa macho yake kwamba hakuibiwa. Watoto walipanga mstari, naye akawapulizia viganjani. Ubaridi ule uliwafanya waruke na kucheka. Mafundi wote walifanya hivyo, na mteja ambaye hakusikia mlio wa gesi ikitoka aliondoka na wasiwasi.

Mwaka 1995 aliitwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki mbili ya mafundi wa friji. Siku ya tatu baada ya kurudi alikuja nyumbani kwangu Bangwe, akaketi jikoni. "Verediana," alisema, "ile gesi ninayowapulizia watoto inatoboa kinga ya anga, na kilo moja tu inaipasha dunia joto kama moshi wa lori zima la kuni. Miaka kumi na sita nimeipuliza nikicheka." Alilia, na sioni aibu kulisema mbele ya watu, kwa sababu mtu anayelia kwa kosa ambalo hakulijua ni mtu wa kuigwa.

Tangu siku ile hakufungua gesi hewani. Aliivuta kwa mashine na kuifungia kwenye mtungi wa chuma, na hapo ndipo alipokaribia kupoteza mkate wake. Watoto walimwita mchoyo. Wateja walianza kunong'ona. Bi Mwanakheri, muuza juisi na barafu wa Ujiji, ambaye leo yuko nasi hapa, alimwambia bila kuzunguka, "Fundi, sijasikia gesi ya zamani ikitoka. Nitajuaje kama umeibadilisha, au umenizuga tu?" Baada ya mwezi mmoja karakana ilikuwa na kuku wengi kuliko wateja.

Marehemu hakubishana naye. Alikwenda kwa wavuvi wa Kibirizi, akaazima mizani ya kupimia dagaa, akaitundika mlangoni pa karakana. Alipima mtungi mbele ya Bi Mwanakheri, akavuta gesi ya friza lake, akaupima tena. Mama huyo akaona mshale umesogea. "Kumbe inaonekana," alisema. "Basi ipime hivyohivyo kila siku, nami nitawaambia wenzangu." Aliwaambia, na kwa ulimi ule wa Bi Mwanakheri Ujiji nzima ilipata habari kabla ya Ijumaa. Mpaka leo mafundi wa Mwanga wanapima gesi kwa mizani, na vijana wengine hawajui desturi hiyo ilianza kwa nani. Ilianza kwa huyu.

Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wa vita vya Burundi na Zaire walishuka Kibirizi mashua kwa mashua. Zahanati niliyokuwa nafanyia kazi, pale Bangwe, ilijaa kina mama wajawazito. Nanyi mnajua mila yetu, nasi na majirani zetu wa ng'ambo: mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Kuni zilikwisha. Milima ya nyuma yetu iliyokuwa na miti ikabaki na visiki, na akina mama walitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Nilimwendea kaka yangu nikamwambia, "Wewe unayehamisha joto, lihamishie kwenye maji yangu."

Alifanya kazi majuma matatu. Alichukua kompresa ya friza lililokufa, akazungusha bomba la shaba kwenye pipa la maji na kulivika magunia na majani makavu lisipoteze joto. Upande wa baridi akauweka kwenye chumba cha dawa, nazo dawa zikapona kuharibika na joto. Gesi aliyoijaza ilitoka kwenye ule mtungi wake. Kila Jumamosi alipaka viungo vyote povu la sabuni kuona kama kuna penye kuvuja. Alisema pampu hii ya joto ikivuja gesi, kuni zote tulizookoa tumezichoma mara moja.

Bibi Agnesi, mkimbizi kutoka Rumonge, Burundi, alikataa kumkanda mkwe wake. "Maji hayajaona moto, nimkande nayo mzazi? Oya, hapana." Marehemu alimwambia, "Bibi, moto wake nimeutoa kwenye hewa." Bibi akatumbukiza mkono, akautoa upesi. "Ego," alisema, "ndiyo, haya ni ya mzazi." Mtoto wa mkwe wake aliitwa Gasper.

Hakutaka kusifiwa kupita kiasi. Wageni walipokuja kuitazama mashine aliwaambia wazi kwamba umeme wetu unatoka kwenye dizeli, kwa hiyo moshi haujaisha, umepungua tu. Mwaka 1998 kiungo kimoja kilivuja kabla ya Jumamosi. Aliwaita mafundi wenzake na kuwaonyesha alipokosea kuchomea. Alitengeneza mashine nyingine nne, na hizo hazikuvuja. Mkoa ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, majenereta yakanyamaza, alikaa barazani akitabasamu siku nzima. "Sasa pampu yangu imetakata," alisema.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021. Alitibiwa hapa Kigoma na baadaye Mwanza, akihudumiwa na mkewe Regina kwa uvumilivu ambao familia haitausahau. Aliaga dunia hospitalini hapa Kigoma tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 72.

Siku mbili kabla ya kufariki alimwita binti yake Frida, ambaye sasa ndiye fundi wa karakana. Pale kuna mtungi wenye kilo kumi na moja za gesi ya zamani. Mashine za siku hizi haziitumii, na mkoani hakuna pa kuiteketeza. Alimwambia, "Wengine watakushauri uifungulie hewani ujipatie nafasi karakanani. Ni malori kumi na moja ya moshi, mwanangu. Upime mtungi huu kila mwaka. Ukipungua, tafuta tundu." Frida aliahidi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo mmoja ambaye ni mimi. Ameacha pia watu wazima wengi waliowahi kunyoosha viganja mbele yake, na naona baadhi yao ndio waliobeba jeneza. Msimwonee huruma kwa yale ya zamani. Aliyevunja mtungi wa mama aufahamu ubaridi, alifunga mtungi wake ili ninyi na watoto wenu msichomwe na joto.

Leo asubuhi, kabla hatujaja hapa, Frida aliutundika mtungi ule kwenye mizani. Kilo kumi na moja, haujapungua.

Kaka, pumzika kwa amani. Hakuna joto la kuhamisha tena.