Kulungu wa Shamba la Mwisho

Benchi la kijiwe hiki ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la kinyozi, na lina wenyewe. Kushoto hukaa Kamusi, karani mstaafu ambaye hakuna jambo asilolijua, hata lile lisilokuwepo. Katikati hukaa kinyozi mwenyewe, Wembe, saa ambazo vichwa havijaja. Birika, muuza kahawa, hakai. Huzunguka na vikombe vyake akichochea maneno kama anavyochochea makaa. Na pembeni, barazani juu ya kigoda, hukaa fundi viatu aitwaye Soli, ambaye tangu amzike mkewe miezi minne iliyopita huongea kidogo, na hicho kidogo hukisema polepole. Asubuhi hiyo alikuwa anashona kiatu cha mwanamke mgeni aliyekaa mwisho wa benchi, mguu mmoja peku. Soli akasikia wenzake wanamsema, naye yupo.

Habari ilikuwa ya kulungu. Kwa wiki kadhaa kulungu watatu walikuwa wakila kunde za bondeni. Mashamba pale yamepangana kama meno, na la Soli ndilo la mwisho, linalopakana na kichaka. Humo ndimo walimohamia. Walilala humo, na kutoka humo walivuka kwenda kumaliza kunde za Wembe na za Kamusi.

— Kulungu hachagui ovyo, alianza Kamusi. Kabla ya kuhama hutuma mmoja kupeleleza, amwangalie mwenyeji ni mtu wa namna gani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, na kunde zimeliwa? Birika aliuliza.

— Methali haibishiwi. Mimina kahawa.

Wembe hakucheka. Alisema kulungu hufuata chumvi, na chumvi haioti. Lazima pawe na mkono unaoimwaga. Birika akasema amesikia wapo wanunuzi wa ardhi wanaofundisha wanyama kula shamba moja baada ya jingine, hadi wenyewe wachoke wauze. Kamusi akathibitisha, ingawa ndiyo kwanza alikuwa anayasikia. Kutoka hapo mambo yakapanda: ikawa kulungu wale wana alama masikioni, ikawa wanapeana zamu, na kikombe cha pili kilipokwisha, ikawa mmoja wao si kulungu.

— Sasa mimi nina langu moja, alisema Wembe, akamgeukia fundi viatu. Kunde zangu zikiguswa, nalia. Za Kamusi zikiguswa, mtaa mzima haulali. Zako zimeliwa hadi mashina, Soli, na hatujakusikia hata kuguna. Mtu anayeliwa asilalamike, ana jambo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Kamusi, na Birika akainama kumkagua Soli shati.

Soli aliuvuta uzi kwenye nta, akaurudisha.

— Sina jambo, ndugu zangu. Mungu ni shahidi.

— Mungu usimtie kwenye kunde, Wembe alimjibu. Jioni tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kufuga wanyama wa porini ni kosa. Na ikithibitika, kigoda hicho utakitafutia baraza nyingine. Mimi sikai na mtu mwenye siri.

Miaka kumi na mmoja Soli alikuwa akishonea pale. Wateja walimjua kwa baraza ile; kwingine angekuwa mtu yeyote mwenye sindano. Alitaka kujitetea, lakini utetezi wenyewe ulikuwa aibu. Shamba lile lilikuwa la mkewe, na yeye hakuwa amelikanyaga tangu mazishi. Mara tatu alishuka hadi kwenye mteremko, na mara tatu miguu ikamgeuza. Hakulalamika kwa kuwa hakujua kama pana kunde zilizobaki.

Mwanamke mgeni akaweka kikombe chini. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na alisema kwa upole kwamba yeye amekulia jirani na kulungu. Mnyama yule, alisema, hana makuu. Anataka kichaka cha kujificha, majani machanga, na mahali asiposikia watu. Akisikia sauti ya mtu kila alfajiri, huchukia, akahama.

— Kwa hiyo, fundi, kabla hawajaja, nani alikuwa anasikika pale kwako?

Sindano ya Soli ilisimama.

— Mke wangu, alisema. Alikuwa anakwenda akiomba kwa sauti, mwenyewe alinisimulia. Anataja watu wa mtaa huu mmoja mmoja, njia nzima hadi shambani, na akilima anaendelea. Anaanza na wagonjwa. Hata wewe, Wembe, ulipovunjika mkono, ulitajwa mpaka ukapona.

Wembe akautazama mkono wake.

— Sijaenda kule tangu tumzike, Soli aliendelea. Siwezi kuyaona matuta yake. Basi, jambo langu ndilo hilo.

Mwalimu akauliza, bila hila:

— Alikuwa anaondoka saa ngapi?

Soli akafumbua mdomo. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Kila alipoamka alikuta upande wa pili wa kitanda umepoa, na chai imefunikwa kwa sahani. Akaufumba.

Mwalimu akadhani hakusikika, akawageukia wengine.

— Na wake zenu je? Huondoka saa ngapi kwenda huko mashambani?

Kamusi akatazama saa yake ya mkononi, kana kwamba jibu limo humo. Birika akakumbuka kuna vikombe vya kusuuza. Wembe alikohoa, akaliangalia duka lake, akaiangalia barabara.

— Kaa, ndugu yangu, alimwambia Soli, ambaye hata hakuwa ameinuka. Kwa mwenyekiti hatuendi. Maliza kiatu cha mwalimu, kesho tushuke wote bondeni.

— Saa ngapi? aliuliza Kamusi.



— Mimi nitakaa macho, alisema Wembe. Mke wangu akiinuka tu, nakuja kumgongea Soli.