Ukurasa wa Mtu Aliyelishwa

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Wazee wa Whangatohi mliotufungulia mlango huu kwa sala alfajiri. Bwana Ambrose Thirkell na familia yako mliotoka Uingereza. Walimu wangu wa chuo kikuu. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi watoto mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa kufungua chumba hiki cha maandishi ya wamisionari na wasafiri wa kwanza waliofika ghuba yetu. Maandishi yenyewe yamo katika visanduku vya kioo mnavyoviona. Hata hivyo, hadi Jumapili iliyopita kisanduku cha katikati kilikuwa kitupu. Bibi yangu Te Aomihia, aliyeketi pale mstari wa mbele, hakutaka ukurasa mmoja uonyeshwe, na bila ruhusa yake hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye angethubutu kuuweka.

Ukurasa huo uliandikwa na Mchungaji Josiah Thirkell, babu wa babu yake Bwana Ambrose. Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyofaa, na ninakiri kwamba mtu yule alijua kutazama. Alimwona mkuu wetu Te Hikutai ameketi nje ya nyumba, mikono nyuma. Alimwona mwanamke mzee akimtilia kinywani vipande vya kiazi kitamu kwa ncha ya kijiti, kisha akimmiminia maji kutoka juu, kibuyu kisiguse midomo. Aliandika upepo ulivuma kutoka wapi. Yote hayo ni kweli, nasi tunamshukuru, maana bila yeye tusingejua hata kijiti kilikuwa cha mmea gani.

Kisha akaandika sentensi mbili zaidi. Kwamba wakuu wa nchi hii ni wavivu kiasi cha kushindwa kuinua tonge. Na kwamba wenyeji, alipowauliza sababu katikati ya mlo, waliinamisha macho kwa aibu.

Sentensi mbili ni kitu gani, ndugu zangu? Zilichapwa, zikasafiri, zikarudi kwetu ndani ya kitabu cha shule. Mwalimu alizisoma darasani, bibi yangu akiwa na umri wa hawa walioketi sakafuni. Wakati wa mapumziko wenzake walimfuata na vipande vya mkate juu ya vijiti. "Fungua mdomo, binti wa mkuu! Usijichoshe!" Wengine walikuwa binamu zake, na walicheka kuliko wote. Mimi nilikulia katika nyumba yake, na hadi leo sijamwona akionja chakula kutoka mkononi mwa mtu.

Basi Jumapili Bwana Ambrose alikuja nyumbani kuomba ruhusa yeye mwenyewe. Bibi alimpa chai, mkate wa kukaanga na sahani ya kome wa baharini. Mjomba Rāwiri, ambaye hajawahi kumwacha mgeni akae kwa raha, alianza mara moja.

"Kumbe ndiye wewe! Babu yako alikuwa na miwani, sivyo? Macho manne, na bado hakuona kitu!"

"Rāwiri, mwache mtoto wa watu anywe chai," bibi akasema.

"Namkaribisha tu, mama. Kula, bwana, kula. Hapa kwetu ukishindwa kuinua tonge tunakusaidia."

Bwana Ambrose alicheka, kwa adabu. Kisha, akiwa na kome mkononi, akauliza: "Mama, samahani. Yule mzee alilishwa kwa sababu gani hasa?"

Bibi akainamisha macho. Mjomba akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake. Nami nilimtazama Bwana Ambrose, nikaona uso wake ukibadilika: alidhani ametuaibisha. Aliona alichokiona babu yake, na alikuwa karibu kukielewa vilevile.

Mjomba Rāwiri akainuka. Akaondoa sahani, mkate, vikombe, hata kile ambacho mgeni alikuwa bado anakinywea. Akaifuta meza, akaikausha, akakung'uta makombo nje ya mlango. Akarudi, akaketi.

"Haya," akasema. "Uliza sasa."

Bwana Ambrose akauliza tena. Na bibi akajibu mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia.

"Alikuwa amemzika mtoto wake. Alimwosha na kumfunga sanda kwa mikono yake mwenyewe. Mikono iliyomgusa maiti ina mwiko, haigusi chakula mpaka mwiko uondolewe kwa sala. Sasa ale na nini, mwanangu?"

"Mbona hawakumwambia babu?"

"Walikuwa wanakula. Nani ataje maiti mbele ya chakula? Angengoja wamalize, wangemwambia."

"Hakungoja," akasema Bwana Ambrose. "Mama, ukitaka, ukurasa ule nitaurudisha Uingereza, usionekane tena."

"Ukaufiche kwako, halafu?" bibi akasema. "Wameshausoma. Uweke. Lakini yule mzee ana jina, mtoto ana jina, na mwanamke mwenye kijiti ana jina. Babu yako aliandika 'mwanamke mmoja'. Andikeni majina. Na mjukuu wangu ayasome mbele ya watu, meza zikiwa tupu."

Mheshimiwa Meya, sasa mnajua kwa nini mmekaa tangu alfajiri bila hata kikombe cha chai, na kwa nini wapishi wamezuiliwa nyuma ya mlango ule. Ukurasa umo kisandukuni. Hatukufuta neno la Mchungaji. Chini yake tumeandika haya, nami nayasoma kama nilivyoagizwa:

"Huyu ni Te Hikutai. Ametoka kumzika binti yake, Ngārongo. Anayemlisha ni shangazi yake, Kuramihi."

Nawashukuru wazee kwa kunipa nafasi hii, na Bwana Ambrose kwa kuuliza mara ya pili. Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Wapishi, leteni chakula.