Beda Lucas Komba, Mpima Maji Aliyekataa Kuzikwa Kimamba

Marehemu Beda Lucas Komba alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 huko Kimamba, wilayani Kilosa, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Lucas Komba na mama Agnesi. Mzee alikuwa ametoka Songea kuja kukata mkonge, na yeye na mama walizikwa Kimamba, kwenye makaburi ya wafanyakazi nyuma ya ghala la zamani la dawa za wadudu.

Alisoma shule ya msingi Kimamba, akaendelea na sekondari mjini Kilosa, kisha chuo cha maji Dar es Salaam. Mwaka 1996 aliajiriwa kuchukua sampuli za udongo na maji kwenye maeneo yanayoshukiwa kuwa na sumu. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Maji yaliyolala kisimani, alisema, husema uongo. Yachoteni kwanza, mpime mapya yanayotoka ardhini.

Alipopanda milima ya Vidunda kuposa mwaka 1999, alikaribishwa maji ya kunywa, naye akauliza yamechotwa wapi. Mkwewe, marehemu mzee Samweli, alimuuliza, "Baba, umekuja kuoa au kupima?"

"Vyote, mzee," alijibu. Alipewa mke. Alifunga ndoa na Verdiana mwaka huohuo, wakajaliwa watoto wawili, wakajenga Mikumi.

Machi 2022 kazi ilimrudisha kwao. Mapipa yaliyoachwa ghalani yalikuwa yameoza, na watu walishaanza kukikwepa kisima kilicho jirani na ghala. Beda aliagiza maji yaliyolala yachotwe. Bibi Joha, mwangalizi wa kisima, alimwambia wamekwisha kukichota chote jana na kukisugua. Alifurahi, akajaza chupa zake. Majibu yalikuja safi. Yeye mwenyewe alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba maji ni salama, na kwa kuwa ni mtoto wa pale, waliokuwa wameacha wakarudi kunywa.

Mwaka uliofuata alikwenda Kimamba kumsalimia dada yake, Agatha. Bibi Joha alipita, wakaamkiana, naye akamtania kwamba siku ile alipokuja kupima hata hakushukuru.

"Nishukuru nini, bibi?"

"Mwanangu, si tulikutunzia heshima? Tulipokwisha kukisugua, tulibeba maji ya bomba kwa madumu kutoka stesheni, tukakijaza. Mgeni hapewi tope."

Ndipo Beda alipoelewa kwamba alikuwa amepima maji ya bomba. Bibi wa watu hakuwa na kosa. Mgeni haambiwi taabu aliyofanyiwa. Safari hii alichukua sampuli upya, ya maji na ya udongo pia. Sumu ilikuwamo kisimani, na ilikuwa imefika makaburini. Kisima kilifunikwa kwa zege. Lakini watu walikuwa wamekunywa mwaka mzima kwa neno lake, na hilo lilimliza mpaka mwisho.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Madaktari hawakusema imetokana na nini, na familia haimnyooshei mtu kidole. Aliuguzwa Morogoro, kisha nyumbani. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mikononi mwa mke wake.

Alipokuwa bado mgonjwa, wazee wa ukoo walikasirika waliposikia hataki kuzikwa Kimamba. Kwetu mtoto hulazwa miguuni pa wazazi wake. Walimfuata hadi kitandani, wakamuuliza anawakimbia wazazi kwa nini. Alijibu polepole, kwa taabu: "Wachimbaji watakuwa vijana wa Kimamba, na udongo ule una sumu. Nimekwisha kuwanywesha. Sitawachimbisha."

Ndiyo maana leo tuko Mikumi, mbali na baba na mama yake.

Marehemu ameacha mjane, Verdiana, watoto wawili, Elia na Devota, mjukuu mmoja, na dada yake, Agatha. Familia inawashukuru wote waliomuuguza. Inawashukuru pia vijana wa Kimamba, waliofika hapa asubuhi na majembe yao, wakawaomba wenyeji wakae pembeni, wakalichimba kaburi hili wenyewe.

Bwana ampokee Beda, na udongo huu umlaze salama.