Shika Mti, Nitakuja

Wasikilizaji wapendwa, mabibi na mabwana, waheshimiwa wa ndani na nje ya mipaka. Mnasikiliza redio inayosikika kila pembe ya dunia. Dunia yenyewe inaanzia bweni la wavulana na kuishia jikoni, na jikoni tunasikika upepo ukikubali. Leo ni siku ya wazazi kututembelea, kwa hiyo tumeweka spika moja uwanjani. Mtangazaji wenu ni mimi, wa kidato cha tatu, shati limechomekwa kwa amri.

Kipindi hiki ni cha kumbukumbu. Tunamkumbuka Mwalimu Matope. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Amefariki muhula huu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jina la Matope alipewa na kina mama waliokuwa wakifua nguo za wanafunzi wake, na halikuwa jina la sifa.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Matope hakuwa na darasa. Narudia, kwa wale wa jikoni: hakuwa na darasa. Alikuwa na msitu, ng'ambo ya barabara ya kwetu, na turubai la kufunga kati ya miti mvua ikizidi. Kila asubuhi watoto wa miaka mitano na sita walivuka barabara wameshika kamba moja, wakarudi mchana wakinuka moshi na majani yaliyooza. Walijifunza kuhesabu kwa mbegu. Walipima unene wa mti kwa kuuzunguka wakiwa wameshikana mikono. Walikuwa na gogo lao bovu, walilolitembelea kila wiki kuona mchwa wamefika wapi.

Mama alimuuliza siku moja, "Wifi, hivi mwanangu anasoma au anaogelea kwenye tope?"

Shangazi akajibu, "Anasoma, wifi. Tope ni kazi ya nyumbani."

Mimi nilikuwa katika kundi lake la kwanza. Siku moja nilitia jongoo kwenye kikombe chake cha chai. Kikombe kilikuwa kitupu, sikuwa mnyama. Alichungulia ndani, akasema, "Shikamoo, mzee. Nani amekuhamisha?" Kisha akanitaka nimrudishe jongoo yule chini ya jani lilelile nilikomtoa. Sikukumbuka ni jani lipi. Tulilitafuta pamoja mpaka wenzangu wakamaliza kula. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Alikuwa na sheria moja kubwa. Ukipotea, shika mti mmoja. Usitembee, usiuachie. Mimi nitakuja. Narudia: shika mti, nitakuja. Ilikuwa sheria ya usalama, maana mtoto aliyetulia mahali pamoja hupatikana upesi. Lakini sisi tuligundua utamu wake. Tukaanza kupotea kwa makusudi. Unajificha nyuma ya kichaka, unakumbatia mti, unafumba macho, unangoja. Alikuwa anajua kabisa. Hata hivyo alikuja kila mara, akihema kama mtu aliyezunguka nchi nzima, akisema, "Nilidhani safari hii sikupati." Wasikilizaji wapendwa, nimepata zawadi kadhaa maishani, ikiwemo ya hisabati niliyopewa kwa makosa. Hakuna iliyofikia kutafutwa namna ile.

Siku aliyofariki, niliitwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Nilijua ni habari ya chumvi niliyotia kwenye sukari ya walimu. Nikakiri kabla sijaulizwa, nikaongeza na makosa mawili ambayo hakuyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Baba yako yuko nje."

Baba ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesimama kando ya ua, mikono ina grisi bado. Akaniambia, "Dada ametutoka. Nimekuja mwenyewe, sikutaka uambiwe kwa simu."

Siku iliyofuata mazishi, viti vya kukodi vikiwa bado nje kwetu, mdogo wangu alitoweka. Tunamwita Kifaranga, ana miaka sita. Yeye ni wa kundi la mwisho la shangazi, kundi ambalo sasa linakaa ndani ya kuta nne likichora miti kwa penseli za rangi. Nilielewa mara moja alikokwenda. Nilivuka barabara, nikamkuta msituni ameshika mti, anamngoja shangazi. Kama kaka mkubwa, nilimweleza kwa busara kwamba shangazi hatakuja. Nikambeba mgongoni mpaka nyumbani. Yeye alilia kidogo. Mimi sikulia.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa familia. Pole kwa baba, aliyebaki bila dada. Pole kwa mama, aliyefua. Pole kwa watoto wote wa turubai. Nanyi wazazi mlioko uwanjani, tafakarini: nani atawavusha watoto hawa barabara tena? Msitu upo palepale. Turubai limekunjwa stoo kwetu. Kwa sasa...

"Muongo."

Wasikilizaji wapendwa, sauti hiyo ni ya Kifaranga, aliyeruhusiwa kukaa studio kwa sharti la kunyamaza.

"Kifaranga, tuko hewani."

"Najua. Lakini mimi sikushika mti. Wewe ndiye ulishika."

"Tutazungumza baadaye."

"Mimi nilikuja na baba kukutafuta. Baba akasema tusikusemeshe, tusubiri kwanza. Ulikuwa unalia mpaka kamasi."

Baba yuko uwanjani, chini ya spika. Namwona dirishani. Hacheki, wala hatikisi kichwa.

Basi nakiri. Aliyetoweka ni mimi. Narudia: ni mimi, mwenye ndevu tatu za kuhesabika. Nilijua amezikwa, nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Niliushika mti vilevile, nikafumba macho. Baada ya muda nikasikia hatua nyuma yangu. Nilijua si yeye. Ndiyo maana sikufumbua macho upesi.