Mkanda wa Bi Hadjara na Msumari Mtupu

Tarehe 28 Juni 2024, Bi Hadjara Feruzi, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Nour, anastaafu kazi katika ushirika wetu wa mawese hapa Rumonge baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Mwandishi, aliyekuwa karani wa ghala kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ameombwa na kamati aandike maneno ya furaha. Atajitahidi. Mapadri waliomfundisha kuandika walikataza hasira kutiwa kwenye karatasi, kwa hiyo anawaomba radhi mapema wasomaji, na mapadri hao pia, popote walipo.

Bi Hadjara aliajiriwa kuokota. Wanaume walipanda michikichi na kukata mikungu. Wanawake waliinama, wakaokota chikichi zilizotawanyika na kuzibeba hadi mtamboni. Alikuwa mwokotaji hodari, na mwoga mno wa kwenda juu. Bati la nyumba yake likivuja, alingoja jirani. Hata kigoda hakukipanda. Marehemu mke wa mwandishi, aliyeokota kando yake, alizoea kumtania kwamba Mungu angemfaa sana kama asingewaonyesha watu namna ya kutengeneza ngazi.

Ukaja ule msimu ambao ndagala, wale dagaa wetu, walifurika ziwani. Wakataji wote walikimbilia mitumbwi, wakaiacha mikungu juu ikiiva mpaka ikaanza kuoza. Wanawake walikaa chini ya miti wakitazama riziki ikiharibika. Siku moja asubuhi Bi Hadjara alivaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kitenge, akauchukua mkanda wa kupandia uliosahauliwa na mmoja wa wakataji, akajifunga pamoja na mti.

Alifika kimo cha mlango, akashindwa. Alilia palepale, ameukumbatia mchikichi. Mzee Tahiri, mkuu wa wakataji, alikuwa akitoka ziwani na kapu lake la ndagala. Akapaza sauti: "Mama Nour, shuka! Mwanamuke hapandi muti. Huu muti utakauka!" Naye akajibu bila kufungua macho: "Basi ukauke nikiwa juu yake, Mzee. Kushuka sijui!"

Alishuka kwa kuteleza, magoti yakachubuka. Kesho yake alipanda tena, akaupita mlango kidogo. Kabla ndagala hawajapungua, alikuwa ameangusha mkungu wake wa kwanza. Mchikichi ule ungali unazaa hadi leo. Kilichokwisha ni meno ya Mzee Tahiri. Na haki yake tumpe: ndiye aliyemsukia Bi Hadjara mkanda wake mwenyewe.

Tangu hapo alikata mikungu kwa miaka kumi na tisa. Woga haukumtoka, alisema amejifunza kupanda nao. Mama ambaye hakuwahi kulala nje ya mtaa wake alikwenda Kabonga, karibu na mpaka, akawafundisha wanawake wa huko kupanda. Aliyezoea kutoa maoni yake kwa kumnong'oneza jirani alisimama katika mkutano mkuu, akadai mikanda mipya kabla mtu hajaanguka. Ikaletwa.

Hapa furaha iliyoagizwa inamwishia mwandishi.

Mwezi uliopita kamati ilimwalika mkufunzi kutoka Bujumbura aje kuwahimiza wafanyakazi watoke pale walipozoea. Maneno yake yalikuwa mazuri. Mwenyekiti wetu, Bwana Zubeir, alipiga makofi kuliko wote. Bi Hadjara hakualikwa. Saa hiyo alikuwa juu ya mti.

Sasa, ni desturi yetu kwamba mkataji anapostaafu, mkanda wake hutundikwa kwenye ukuta wa chumba cha mtambo, jina lake likiandikwa chini yake. Mkanda wa Bi Hadjara umekataliwa. Bwana Zubeir alisema: "Aliingia mwokotaji, atoke mwokotaji. Ukuta ule ni wa wakataji." Zawadi aliyoandaliwa ni kapu jipya la kuokotea, limefungwa utepe.

Mwandishi anaomba radhi kwa ukali, lakini hilo ni tusi, na utepe haulifichi. Mheshimiwa Mwenyekiti, unamwita mgeni aje atusifie ujasiri, kisha ujasiri wenyewe ukisimama mbele ya macho yako unaupa kapu!

Mzee Tahiri alikwenda mwenyewe na nyundo, akapigilia msumari ukutani, kando ya mkanda wake mwenyewe uliotundikwa alipostaafu, akawageukia wajumbe wa kamati: "Miye nilisema muti utakauka. Munaona umekauka?" Msumari ungalipo.

Bi Hadjara alipopata habari hakulalamika. Alimwita Dusabe, mama wa watoto wawili, mwokotaji ambaye hutetemeka akitazama juu, akamfunga mkanda ule kiunoni. "Ukutani utakula vumbi tu," alimwambia. "Panda, mudogo wangu. Kushuka nitakuonyesha." Jana Dusabe alifika kimo cha mlango.

Basi msumari utabaki mtupu, na kila mjumbe aingiaye chumba cha mtambo auone, aulizwe na wageni ni wa nani.

Mama Nour, murakoze cane, asante sana, kwa kila mkungu, na kwa magoti yaliyochubuka. Mungu akujalie afya, wajukuu wengi na miaka mirefu ya kukaa chini kwa kupenda kwako, si kwa kuamriwa.