Sekunde Zilizokatwa za Corbin Vavra

Mheshimiwa Meya, nawe Bi. Ardith Kucera, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Kocha Roubicek pamoja na wasaidizi wako wawili. Wazazi, wachezaji, na ninyi akina mama mlioamka alfajiri kutuokea mikate ya nyama na kabichi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmeniita mniage. Kwa miaka kumi na tisa nimepanda ngazi za jukwaa na kamera begani, nikirekodi mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kushikwa na kurushwa kwa mikono, ambao ndugu zangu wa Buyenzi, kule Bujumbura, hadi leo wanakataa kuuita mpira. Mmenizawadia saa ya ukutani, nami nimeipokea kwa shukrani. Lakini mniwie radhi, sitazungumzia magoti yangu wala kustaafu kwangu. Kesho Kocha ataisomea Bodi orodha ya wachezaji wa msimu ujao, na mji mzima unangoja jina moja. Je, Corbin Vavra, aliyebakiza mwaka mmoja shuleni, ataendelea kuwa mrushaji wetu wa pasi, au atahamishiwa ulinzi? Mama yake amenihakikishia kwamba akihamishwa, atarudisha kofia yake ya kuchezea na hatacheza tena.

Tumeshindwa mechi saba kati ya tisa. Pasi kumi na nne za Corbin zimedakwa na wapinzani. Tangu Septemba sijanywa kahawa kwa amani pale mkahawani kwa Leland.

“Mkono ule ni wa kurushia kuku mahindi,” Leland husema.

“Mkono hauna kosa, bwana,” humjibu mzee Stan. “Kosa ni Roubicek. Yule hata trekta akilifundisha litarudi nyuma.”

“Wewe Stan ulicheza mwaka gani vile?”

“Nilikaa benchi miaka mitatu. Nawajua makocha kuliko wewe.”

Kocha, unacheka, nami nakushukuru kwa kucheka. Ndugu zangu, ni nani humu ndani ambaye hajachagua upande? Na upande huo tumeuchagua kwa ushahidi gani? Kwa mikanda yangu, ambayo tunaitazama pamoja kila Jumapili katika ukumbi huu.

Wiki mbili zilizopita Corbin alinifuata chumba cha mikanda. Hakuketi.

“Mzee Yasini, niambie kweli. Mimi siwezi, siyo?”

“Sijui,” nikamwambia. “Kaa tutazame.”

Nikatoa mikanda mizima, ile ambayo haijapitiwa na mkasi wangu. Maana nilipoanza kazi hii niliambiwa, “Mzee, kata huko mwanzo, watu wamesimama tu.” Nikakata. Kila mchezo mmoja mmoja ndani ya mechi nikauanzisha pale mpira unapoondoka chini, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeuona muda wa kusimama.

Katika muda huo kuna mambo. Kocha wetu ni mtu wa adabu. Kabla ya kila mchezo humuuliza msaidizi wa kulia, kisha wa kushoto, asije mmoja akajiona amepuuzwa, ndipo anapompa Corbin ishara. Mwamuzi anatoa sekunde ishirini na tano tu mpira uanze. Nilipima kwa saa ya mkononi. Katika pasi tisa kati ya zile kumi na nne, ishara ilimfikia kijana zikiwa zimebaki sekunde tano au pungufu. Ni nani anaweza kusoma walinzi kumi na mmoja kwa sekunde tano? Na zile tano nyingine? Muda ulikuwepo wa kutosha. Alichelewa kurusha kushoto, basi.

Kwa hiyo wanaolaumu mafunzo wana tisa, wanaolaumu uwezo wana tano, nami nina zote kumi na nne, kwa sababu mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Baba yangu alihukumiwa barazani kwa habari iliyoanzia katikati. Ndiyo sababu niliondoka kwetu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na bado nikaja huku kufanya kazi ileile ya kukata mwanzo. Hilo ni kosa langu, na naliombea radhi mbele yenu.

Jana nilimwonyesha Kocha. Alisema “Rudisha,” nikarudisha, tena na tena, hata nikapoteza hesabu. Mwishoni akaniambia, “Kaseme wewe. Nikisema mimi, wataona namtetea kijana na kukiri kosa ili nihurumiwe.” Mtu anayeweza kutazama kosa lake mara nyingi kiasi hicho anaweza kufundisha.

Na Corbin je? Siku ile nilipomaliza kumwonyesha zile tisa, nilidhani atashusha pumzi aende zake. Angekuwa na haki. Badala yake alivuta kiti.

“Hizo ni za Kocha,” akasema. “Nionyeshe zangu tano.”

Tulizitazama mpaka mama yake akapiga simu kuuliza kama ameamua kuhamia shuleni. Tangu siku hiyo anarusha kushoto kila asubuhi kabla ya darasa la kwanza, na juu ya jukwaa yupo mzee mmoja mwenye magoti mabovu anayepima kwa saa.

Bi. Mwenyekiti, sanduku hili lina mikanda mizima ya mechi zote tisa. Naomba kesho Bodi isiisikilize orodha kabla ya kuitazama mikanda hii, tangu mwanzo, hata watu wakiwa wamesimama tu. Uwezo mnaobishania nimeshauona. Ulivuta kiti ukaketi.

Kamera naikabidhi leo. Jukwaani nitapanda kesho asubuhi kama kawaida.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi mwisho.