Sumaku Haikushika

Asalaam aleikum wote, wa kiume na wa kike. Mwenyekiti wa chama chetu kaniambia nisimame, nami nimesimama, ila niacheni niegemee meza hii. Na mtanisamehe maneno yakivuja. Meno yangu ya mbele yalibaki barabarani, kati ya Nyamisati na hapa Kibiti, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwanza kipitisheni kitu hiki. Anza wewe, mama, kisha mpe mwenzako. Ni foku ya baiskeli, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mguu mmoja umevunjika huko chini, mnauona. Kishikeni tu, msiniulize bado. Majina ya watu sitataja. Mke wangu yuko pale nyuma, nilimwomba ruhusa tangu juzi, akanijibu, "Sema yote, lakini usilie kabla hujafika mwisho, utawachosha watu." Nitajitahidi.

Mimi ni fundi baiskeli. Kazi nilifundishwa na mtu mmoja hapa hapa, marehemu sasa, mwenye matusi mengi na mikono safi. Nilimwita Mwalimu. Alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio ya mkewe, na mkewe alimdai redio yake mpaka siku ya mwisho, kwa utani tu. Fremu yoyote ikiletwa, Mwalimu aliibandika sumaku kila mahali. "Ikishika, hicho chuma," alikuwa akisema. "Isiposhika, hiyo sufuria, alumini. Sufuria usiipige tupa, wala usiitwishe mzigo, mshenzi wee." Alipofariki, sumaku nikaachiwa mimi.

Aliacha na baiskeli. Nyeusi, ya zamani, chuma kitupu, ukiinyanyua unasikia kiunoni. Ndiyo iliyokuwa ikichukua wagonjwa wa vijijini kuwapeleka hospitali, wamekaa kwenye keria wamefungwa khanga wasianguke. Wengine walifika, wengine hawakufika. Basi watu wakaipa jina: Jeneza. Na Mwalimu mwenyewe alipozidiwa, hiyo ndiyo iliyompeleka, na hiyo ndiyo iliyomrudisha amefunikwa shuka. Mjane wake akaifungia chumbani.

Sasa ndugu zangu, mnaikumbuka miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa makontena. Nilikwenda Dar kutafuta tairi, nikarudi na gurudumu. Gurudumu moja tu, la mbele, habu yake, kile kitovu cha katikati, nene kuliko chungu cha mboga, na waya umechomoza kwenye ekseli. Mota ilikuwa humo ndani. Nililiunganisha na betri mbili za pikipiki, likanichomoka mikononi, likaenda kugonga ukuta wa jirani. Nilicheka peke yangu pale uani mpaka mke wangu akatoka jikoni kutazama. Umeme Kibiti hatukuwa nao, lakini kulikuwa na duka lenye jenereta lililokuwa likichaji betri za watu. Nikaona mbele yangu: asubuhi Nyamisati, samaki kwenye keria, na kabla jua halijawa kali niko Kibiti bila jasho.

Kilichobaki ni fremu ya kulitia.

Mjane wa Mwalimu alisikia, akaja mwenyewe. Alikuwa akiuza vitumbua, akaja na vitano kwenye sahani. Akaniambia, "Mwanangu, chukua ile ya mwalimu wako. Sitaki kitu. Imezoea mzigo. Ukiipakia wagonjwa, thawabu zimfikie huko aliko." Nikamwambia, "Ahsante mama, nitafikiri." Alipogeuka tu, mimi na vijana wa karakana tukaanza kucheka. Nani apande Jeneza la umeme? Mke wangu hakucheka. Alisema, "Bora hiyo, keria yake pana." Nikamwambia mambo ya ufundi aniachie mimi.

Nilikuwa nimeshaiona niipendayo. Nyekundu, ya mtumba, nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja, na foku yake ina springi, ukiibonyeza inarudi juu. Sababu nilikuwa nazo. Nikasema fremu nyepesi italinda betri. Nikasema springi zitaizuia mota isitikisike. Nawaambia, mtu aliyekwisha kuamua hakosi sababu.

Nilitoa sumaku. Nikaiweka kwenye foku, ikaanguka. Nikaiokota, nikaifuta vumbi kwa shati, nikaiweka tena. Ikaanguka. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyekuwa akinitazama, nikaitia mfukoni.

Ekseli ya mota ilikuwa nene, haikuingia kwenye mwanya wa foku. Nikachukua tupa. Chuma ukikipiga tupa kinapiga kelele, jirani anajua una kazi. Ile haikupiga kelele. Unga wake mweupe ulidondoka miguuni pangu, laini, nami nikafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi.

Wiki kadhaa nilikuwa mtu. Watoto wa shule walinipigia makofi. Swichi yangu ilikuwa ya kuwasha na kuzima tu, haina katikati, kwa hiyo kila nikiwasha gurudumu liliruka mbele kwa nguvu. Jioni nilikuta nati zimelegea. Nilizikaza, nikaenda kuoga. Kila jioni zimelegea, kila jioni nazikaza, na mimi ndiye fundi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Alikwenda kwao Nyamisati kupumzika, nami nikamfuata siku ya kliniki nimlete Kibiti. Aliitazama ile nyekundu, akauliza, "Hili dude halitanitupa?" Nikamjibu, "Nimelitengeneza mwenyewe." Ndilo jibu nililompa.

Tulipita vizuri mpaka kwenye mchanga. Nikashuka, nikakokota, tukapanda tena. Nikawasha swichi. Nikasikia kitu kimekatika, mlio mdogo tu, wa kijiti kikavu. Gurudumu likatoka, likaenda mbele peke yake. Baiskeli ikachomeka chini, na sisi juu yake.

Mtoto alizaliwa siku ya pili yake. Wa kiume. Hakulia. Nilikwenda kumzika mkono wangu mmoja umefungwa shingoni kwa kitambaa, mfupa wa mtulinga umevunjika, mdomo umevimba. Mke wangu alilala ameelekea ukutani siku nyingi.

Watu wakaja kutupa pole, wakauliza ilikuwaje. Nikasema sijui. Mmoja akasema, "Lakini si ulimkatalia mjane baiskeli yake? Siku ile aliondoka na kinyongo." Hapo, ndugu zangu, ilitosha niseme, "Hapana, ni tupa yangu." Maneno manne. Foku ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia, nilikuwa nimeificha. Nikanyamaza. Mwingine akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo hivyo." Jioni ile ile habari ilikuwa imefika mwisho wa kijiji.

Vitumbua vya yule mama vikalala. Akitoa salamu, watu wanaangalia pembeni. Akifika kisimani, wenziwe wanaondoka na ndoo nusu. Mimi niliyaona hayo. Nilibadilisha njia ya kwenda karakana nisipite mlangoni kwake. Niliona aibu, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi: nikisema kweli, mke wangu atanitazama vipi?

Mwisho akaitwa mganga wa kunyoa. Wakubwa mnaijua desturi hiyo: anayetajwa kwa uchawi anakalishwa mkekani mbele ya watu, ananyolewa kichwa chote, inasemwa uchawi umetoka. Waliniweka mbele kwa kuwa mimi ndiye mfiwa. Mke wangu alikuwa na wanawake, siku yake ya kwanza kutoka nje.

Yule mama hakuburutwa. Alikuja kwa miguu yake, akavua ushungi, akaukunja, akauweka magotini. Nywele zote nyeupe. Mganga akamuuliza kama ana neno. Akasema analo moja. Akanigeukia.

"Mwanangu, ile nyekundu. Sumaku ilishika?"

Watu walidhani amechanganyikiwa. Niliyeelewa ni mimi peke yangu. Mke wa fundi yule, redio ni yake, sumaku ni yake. Alikuwa ananifungulia mlango.

Nikasema, "Ilishika, mama."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Kama ilishika, basi na mimi sijui kilichomuua mtoto. Ninyoeni."

Wembe ukaanza upande wa kulia. Hakulia, alishika tu ule ushungi. Nilipoona nywele zinaanguka mkekani nikafahamu kwamba mama huyu ameamini neno langu kuliko anavyoijua nafsi yake. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha niliposimama. Nikapiga kelele, "Haikushika!" Kwa mdomo ule hawakunielewa. Nikasema tena, na tena, kisha nikakimbia nyumbani, nikaleta gunia, nikaimwaga foku pale mkekani. Nikatoa sumaku mbele yao, nikaiweka. Ikaanguka kwenye nywele zake. Nikawaonyesha alama za tupa. Nikajipiga kifua, nikawaambia, "Aliyemuua mwanangu ni huyu hapa."

Mganga alifungasha mikoba yake akisema hata ajali ina anayeituma. Wapo waliokubaliana naye, na wapo wanaokubaliana naye mpaka leo. Kuna wanaume walitaka kunipiga, wakaniona mkono umefungwa, wakaniacha. Mke wangu aliinuka, akapita karibu nami bila kunitazama, akaenda kwao. Alikaa huko mpaka mpunga ukavunwa. Yule mama aliondoka na kichwa cha nusu, akajifunika. Hakuna aliyemfukuza, lakini wiki ile akahamia kwa binti yake, kijiji cha Mkongo.

Miezi ile sikuwa mtu. Baiskeli za watu hazikuja tena kwangu, na walikuwa na haki. Nilikaa karakana tupu, nikifungua mlango asubuhi na kuufunga jioni.

Mkongo nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakutoka ndani. Mara ya pili alinipa maji, nikanywa, nikaondoka. Mara ya tatu nilimpa shikamoo, akaitikia, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Akasema, "Baiskeli iko kule kule. Sijakusamehe bado. Lakini wagonjwa hawangojei msamaha wangu."

Nililia barabara nzima kurudi. Mke wangu, hicho ni kilio cha siku ile, leo nimevumilia.

Jeneza nikalitoa. Sumaku ilishika foku mpaka nikaibandua kwa kucha. Nilipoipiga tupa kidogo ekseli ya mota iingie, ilipiga kelele mtaa mzima. Nikaenda kwa mhunzi, akanifulia kipande cha chuma, upande mmoja kinabana ekseli, upande wa pili kinafungwa kwenye mguu wa foku, ili mota ikisukuma, ekseli isigeuke ikajing'oa. Mhunzi yule alikataa malipo. Alisema mtoto yule alikuwa wa kijiji. Nikaanza kupakia wagonjwa, polepole, mota inasukuma na mimi napiga pedali.

Siku moja mke wangu alirudi. Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda kwenye baiskeli, akainama, akapitisha dole pale ekseli inapokaa, pande zote mbili. Ndipo akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Mwaka uliofuata alikuja mtu kutoka Mkongo na sahani imefunikwa. Vitumbua vitano. Sikuuliza maana yake. Na yule mama alipougua, binti yake aliniita mimi, nikampeleka juu ya fremu ya mumewe, na alifika, akapona, akaishi miaka mingine. Leo ni marehemu. Mungu amrehemu.

Nawashukuru. Nakushukuru mke wangu, uliyepitisha dole. Namshukuru mhunzi. Nanyi wanachama, mlioniletea tairi la kwanza la kuziba wakati hakuna mwingine aliyeniletea. Kwa mafundi nasema: penye mota chagueni fremu kwa sumaku, msichague kwa macho, na foku iwe chuma. Kwa wengine nasema hivi: msiba ukiingia na kidole kikamnyookea mtu, anayejua na anyanyuke mapema, wembe haujatoka alani.

Foku imefika wapi? Iko kwako, baba? Haya, shika na sumaku hii. Iweke hapo palipovunjika, wote waone. Iachie.

Mmeona. Na mimi siku ile niliona. Mara mbili.